Mtoto Mkaidi na Ulimwengu Wake

Wahenga walinena: asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Methali hii tumezoea kuitumia kama kitisho. Twamnyoshea kidole mtoto mkaidi, kisha twanawa mikono. Lakini ikitafakariwa vyema, inautwika ulimwengu wajibu wa kufunza. Na ulimwengu huo, kwa mtoto, ni majirani, walimu na wazee wa mtaa wake.

Shirika la Afya Duniani laeleza kuwa theluthi ya maradhi ya akili huwa yamekwisha kuanza mtu afikapo umri wa miaka 14. Basi si ajabu ugonjwa ukadhaniwa kuwa utukutu: huyu hutoroka shule, yule hupigana, na wa tatu, ambaye walimu humsifu kwa utulivu, hasemi na mtu. Je, yupi atolewe nyumbani ili atengenezwe, na yupi aachwe miongoni mwa watu wake?

Hapa kwetu ipo shule ya maadilisho ya Irambo, Mbeya, ambako mahakama huweza kumpeleka mtoto aliyetiwa hatiani. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 humhesabu kuwa mtoto kila aliye chini ya miaka 18. Njia ya kumweka mtoto mbali na kwao hatuibezi. Wapo ambao nyumba zao ndizo zilizowaumiza, na kuwarudisha humo ni ukatili.

Hata hivyo, twakumbuka jambo moja. Tulipokuwa watumishi katika boma la wilaya fulani, tuliletewa mvulana wa miaka 13 aliyechoma mabanda ya majirani. Tulitia sahihi apelekwe katika makao ya mbali. Huko alitulia, akajifunza useremala, akalala usiku bila kupiga mayowe. Aliporudi baada ya miaka miwili, babaye alikuwa yule yule na fimbo ile ile. Majirani hawakumwazima hata kiberiti cha kuwashia jiko. Mvua za masika hazijakatika, akatoweka. Hakuna aliyetumwa kuzungumza na babaye, na kutuma mtu ilikuwa kazi yetu.

Kule Nigeria, tangu mwaka 1954, Daktari Thomas Adeoye Lambo aliwapangisha wagonjwa wa hospitali ya Aro, Abeokuta, katika nyumba za wanavijiji wa jirani, kila mgonjwa na ndugu yake. Hatusemi watoto wetu wafanyiwe hivyo hivyo. Kinachotuvuta ni yule ndugu: aliyaona matibabu kwa macho yake, naye aliporudi kwao hakuwa mgeni wa maradhi ya mwenziwe. Mvulana wetu alirejea kwa watu wasiojua lolote ila moto.

Siku hizi ni mtu mzima, hupakia mizigo kituo cha mabasi. Akituona hutuamkia shikamoo. Twaitikia marahaba, wala hatujapata ujasiri wa kumwuliza hulala wapi.