Tafakuri ya Ramadhani, siku ya 12: Mzazi anayekula mchana



Kila Ramadhani swali hili hunijia, mara nyingi kwa kupitia mtu mwingine kwa sababu mwenyewe anaona aibu: "Ustadh, mimi ni mzazi, nina siku chache tu tangu nijifungue. Nyumba nzima wamefunga, mimi nakula jikoni kwa kujificha. Hivi napata dhambi?"

Dada yangu, hupati dhambi. Mwenye damu ya nifasi ni haramu kufunga, na hata akijilazimisha funga yake haisihi. Sala amesamehewa kabisa, halipi. Funga atailipa baadaye. Kwa hiyo huo uji wa pilipili manga unaokunywa saa nne asubuhi, unywe kwa nia ya kumtii Mola wako, wala usidhani kwamba umetolewa nje ya Ramadhani. Aliyeamrishwa kufunga akafunga ametii, na aliyekatazwa kufunga akala naye ametii.

Hiyo fiqhi ni nyepesi. Zito ni la kwetu sisi tuliobaki.

Hebu tutazame jamani. Mwenyezi Mungu, ambaye haki Yake ni kubwa kuliko haki ya yeyote, amemwondolea mzazi sala na saumu, nguzo mbili za dini. Sisi je? Kuni hatujamwondolea. Ndoo ya maji ya kupandisha mlimani hatujamwondolea. Tena Ramadhani ndiyo inazidi, maana anaambiwa, "Si wewe hujafunga? Basi una nguvu, tupikie futari." Tangu saa tisa anapuliza moto, mihogo huku, magimbi kule, mtoto analia, kidonda hakijafunga. Ruhusa aliyopewa na Mola wake tumeigeuza kuwa zamu ya jiko.

Simnyooshei mtu kidole. Mwanangu wa kwanza alizaliwa Ramadhani, na siku ya tisa mimi nikaalika wageni wafuturu kwangu. Mke wangu hakusema neno. Nilipoingia jikoni kuchukua birika nikamkuta ameegemea mlango, jasho linamtoka, kanga imelowa damu. Usiku ule tuliupitishia zahanati. Na mchana wake nilikuwa nimetoka kusomesha watu haki za mke.

Wapo watakaosema bibi zetu walijifungua leo, kesho wakarudi kupalilia. Ndiyo, na waliorudi ndio tunaowasikia wakisimulia. Waliobaki kitandani mpaka wakazikwa nani atawasimulia? Halafu tusiwasingizie wazee. Arobaini wao ndio walioilinda: mzazi anakaa ndani, anakandwa, anapikiwa, mama yake yupo. Sisi tumebaki na jina la arobaini, pumziko tumeliacha. Na wataalamu wa afya nao wanahesabu wiki 6, yaani siku 42, kuwa ni muda wa kumwangalia mzazi kwa karibu.

Aliyeajiriwa ana Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004: likizo ya uzazi siku 84 zenye malipo, siku 100 kama ni pacha, na baba siku 3. Mama wa Kinole anayeshusha ndizi na mdalasini sokoni, likizo yake anaisaini nani? Sisi Waluguru ukoo tunauhesabu kwa mama, na tunajivunia. Basi likizo yake iko mikononi mwa mume, mama mkwe, shangazi na jirani. Wasipoitoa, haipo.

Someni tena Sura Maryam. Uchungu ulimpeleka kwenye shina la mtende akiwa peke yake, akatamani angekuwa amekwisha kufa na kusahauliwa. Hakuambiwa imani yake imepungua. Alionyeshwa maji chini yake na tende mbivu, akaambiwa ale, anywe, atulie. Kwa hiyo mzazi akilia bila sababu unayoiona, usikimbilie kusema ni jini au ukosefu wa shukrani. Mpe chakula, mshikie mtoto alale. Huzuni ikiendelea, nenda naye zahanati. Na akitokwa damu nyingi, akipata homa, akiumwa sana kichwa au macho yakaona maruweruwe, usisubiri magharibi.

Jingine, maana wengi linawachanganya. Kwa madhehebu yetu ya Shafii nifasi kwa kawaida huwa siku 40, kikomo chake 60. Lakini damu ikikatika hata siku ya 20, anaoga na kuanza kusali, haingojei arobaini. Sasa, kutoharika ni jambo moja na kupona ni jambo jingine. Aliyetoharika na bado ni dhaifu, au ananyonyesha na anahofia nafsi yake au mtoto wake, ana ruhusa ya kula na atalipa. Anayeujua mwili huo ni yeye na mtaalamu wa afya, si mama mkwe, wala si mimi.

Leo alasiri, wewe mwenye mzazi nyumbani, koka moto mwenyewe. Majirani walio tayari kupeleka futari kwa zamu kwenye nyumba zenye wazazi, tuonane baada ya tarawehe, tupange majina. Kesho inshaallah tutazungumza fidia ya kibaba: nani anaitoa pamoja na kulipa, na nani analipa tu.