Ukuta wa Nyumba ya Wafiwa

Mapema mwaka 2019, Omar al-Bashir akiwa bado rais wa Sudan, msanii Assil Diab alikuwa akipita mitaa ya Khartoum kuchora nyuso za watu waliouawa kwenye maandamano ya kumpinga rais huyo. Alifika nyumbani kwa marehemu, akaomba ruhusa kwa familia, kisha akachora kwenye ukuta wa nje wa nyumba ile ile. Aprili 6 umati ukapiga kambi mbele ya makao makuu ya jeshi, na kuta za eneo hilo nazo zikajaa michoro, ikiwemo ya Alaa Satir, aliyewachora wanawake katikati ya mapambano wakati sheria ya nidhamu ya umma ilikuwa ingali ikiwachagulia mavazi. Bashir aliangushwa Aprili 11. Juni 3 kambi ikavunjwa kwa risasi, watu zaidi ya 100 wakauawa, na michoro mingi ya pale ikafunikwa kwa rangi. Kuta hizo zilikuwa za dola, na dola haikuhitaji kumwomba mtu ruhusa ili izifute. Picha iliyoko mlangoni kwa wafiwa ni jambo jingine. Anayetaka kuifuta itambidi asimame mbele ya mama wa marehemu, ndoo ya rangi mkononi, majirani wakimtazama. Kwangu mimi, nguvu ya mchoro wa mtaani inatoka hapo: kwa wale waliouruhusu na walio tayari kuulinda.

Khartoum ni mji wa jangwani. Joto la Mei linapita nyuzi 40, na dhoruba ya vumbi wanayoiita haboob huweza kuugeuza mchana kuwa giza. Nyumba nyingi zimezungushiwa ukuta, na maisha ya familia yako uani, nyuma ya lango la chuma. Lakini nje ya ukuta huo, kivulini, watu wengi huweka mitungi ya udongo yenye maji, kikombe kikiwa juu ya kifuniko, ili mpita njia yeyote anywe bila kubisha hodi. Ukuta ni mali ya mwenye nyumba, ila upande wake wa nje umekwisha kutolewa kwa wote, kwa hiari yake. Picha ya marehemu imeingia katika desturi hiyo hiyo, na ndiyo maana siwaelewi wanaoiita uchafuzi wa mji. Wapo pia wanaosema ni kazi bure, kwa kuwa jua litaipausha na vumbi litaikwangua. Ni kweli litaikwangua. Mtungi nao hukauka kila siku na kila siku hujazwa, na familia inayoitaka picha yake itatafuta rangi iirudie. Siku ikiacha kuirudia, hilo nalo ni haki yake.

Pingamizi la njaa ni zito zaidi. Maandamano ya mji wa Atbara, Desemba 2018, yaliwaka baada ya bei ya mkate kupanda kutoka pauni moja hadi tatu, na mtu ana haki ya kuuliza rangi inamshibisha nani. Haimshibishi yeyote. Lakini waliodai mkate walipigwa risasi, kisha watawala wakawaita wahuni na waharibifu. Sura ya kijana iliyochorwa kwao, mtaani walikomjua tangu utotoni, inalijibu tusi hilo mbele ya watu wanaojua ukweli.

Linalonitia hofu hasa ni hatari kwa walio hai. Picha inaionyesha nyumba kwa kila askari anayepita, na msanii akishaondoka, familia inabaki palepale. Sina jibu linaloiondoa hatari hiyo. Ninachosema ni kwamba uamuzi wa kuibeba ni wa familia peke yake. Mzazi akikataa, msanii afunge makopo yake aende, hata kama marehemu anajulikana nchi nzima.

Tangu Aprili 15, 2023, vita kati ya jeshi na wanamgambo vimewatawanya wakazi wa Khartoum, na wasanii wake kadhaa wamekimbilia Nairobi. Jeshi liliutwaa tena mji mwaka 2025, watu wanaanza kurudi, na ukarabati utakuja na mafundi, saruji na maofisa wanaotaka kuta safi. Wapo watakaotaka pia kuchora mashujaa wa vita hivi, na kila upande una wake. Ombi langu ni lile alilolianza Assil Diab: kabla ya lipu mpya na kabla ya picha mpya, lango ligongwe, mwenye ukuta aulizwe. Na pale ambapo mwenye nyumba bado yuko ukimbizini, ukuta wake uachwe hivyo ulivyo mpaka arudi.