Kumuaga Mgonjwa Angali Hai

Katika familia nyingi za Mbeya na Iringa, kuwakusanya ndugu ili wamuage mgonjwa asiyetarajiwa kupona huhesabiwa kuwa uchuro, yaani neno au tendo linaloaminika kukiita kifo kabla ya wakati wake. Kwa hofu hiyo mazito hayasemwi kitandani, bali husubiri msiba, ambapo wasifu wa marehemu husomwa, rambirambi hutolewa, na jamaa waliosusiana kwa miaka mingi hupeana mikono mbele ya jeneza. Swali linalozuka hapa ni la haki kabla ya kuwa la mila: je, shukrani na msamaha anavyostahili mtu huwa vimetolewa kweli, ikiwa mwenyewe hayupo tena kuvipokea?

Hoja ya uchuro haina mizizi mirefu kama inavyodhaniwa. Monica Wilson, mwanaanthropolojia aliyefanya utafiti miongoni mwa Wanyakyusa wa Rungwe, mkoani Mbeya, pamoja na mumewe Godfrey katika miaka ya 1930, alieleza kwamba hasira iliyofichwa moyoni na ndugu iliaminiwa kuleta maradhi, na kwamba matambiko, yaani ibada za kuwaomba wahenga, hayakuwa na nguvu mpaka wenye kinyongo wakiri na kukitoa hadharani. Kwa mtazamo huo kilichoogopwa ni ukimya, na kusema wazi kulikuwa sehemu ya tiba. Anayedai kwamba mila inakataza mazungumzo ya namna hii anaisingizia mila.

Dini nazo hazipingi. Wamisionari Wamoravian na wale wa Berlin, waliofika Unyakyusa mwaka 1891, walileta Maandiko ambamo Yakobo anawaita wanawe wote na kuwabariki kabla ya kufa, na ambamo Yesu, akiwa hai mezani Bethania, anayapokea marhamu kuwa maandalizi ya maziko yake, huku akimtetea mwanamke anayelaumiwa kwa kuyamwaga. Waislamu, kwa upande wao, wana desturi ya kumzuru mgonjwa, kuusikiliza wasia wake na kuombana radhi.

Tiba shufaa, yaani huduma ya kumpunguzia mgonjwa mateso pale ambapo ugonjwa hauponyeki, inafundisha vivyo hivyo. Cicely Saunders, daktari aliyeanzisha hospisi ya St Christopher's jijini London mwaka 1967, alisisitiza kwamba maumivu ya anayekufa si ya mwili tu, bali pia ya nafsi, ya roho na ya mahusiano yaliyovunjika, ambayo mofini haiyafikii.

Hata hivyo, kikao cha kuagana ni cha mgonjwa mwenyewe. Asiyeambiwa hali yake hapaswi kuigundua kwa kusikia nyimbo za faraja mlangoni, wala siri ya ugonjwa wake haipaswi kutangazwa. Tahadhari hii ina uzito wa pekee mahali ambapo, kwa mujibu wa utafiti wa kitaifa wa 2016–2017, maambukizi ya VVU kwa watu wazima yalifikia asilimia 11.3 Iringa na 9.3 Mbeya. Mgonjwa akikikataa kikao, aachwe kwa amani.

Akikubali, basi ukoo unaoweza kuchangishana nauli na mchele wa msiba uchangishane mapema, aitwe mchungaji, padri au shehe, na wenye kinyongo wawe wa kwanza kusema.