Nyama ya Soya na Swali la Mfungo

Nyama ya soya ni unga wa soya uliokamuliwa mafuta, kisha ukasukumwa ndani ya mashine yenye joto na shinikizo kubwa hadi protini zake zikajipanga kama nyuzi za mnofu. Ikiwa kavu, karibu nusu ya uzito wake ni protini. Jikoni mjini Voi, katika kaunti ya Taita Taveta, kama kwingineko Kenya, ni chakula cha haraka: huloweshwa katika maji moto kwa robo saa, hukamuliwa, hukaangwa pamoja na kitunguu, kitunguu saumu na nyanya hadi rojo lishikane, kisha humwagwa juu ya spageti. Pakiti moja ya spageti ya gramu 400 na gramu 100 za soya hutosha familia ya watu wanne. Pasipo nyanya, karoti iliyokunwa hufaa. Pasipo spageti, tambi za kawaida. Ugumu haumo katika upishi. Umo katika swali hili: mtu aliyeacha nyama kwa ajili ya Mungu, akala kitu kilichotengenezwa ili kifanane na nyama, ameacha nini?

Wakatoliki wana misheni Bura, katika milima ya Taita, tangu 1892, kwa hiyo Kwaresima si jambo geni huko. Kanuni ya 1251 ya Sheria ya Kanisa ya 1983 inaagiza kujinyima nyama, au chakula kingine kitakachoamuliwa na maaskofu, siku za Ijumaa. Papa Paulo VI alikuwa amekwisha kufafanua mwaka 1966 kwamba katazo ni la nyama, si la mayai, maziwa, wala vikolezo hata vya mafuta ya mnyama. Sheria inayoruhusu mafuta ya ng'ombe haiwezi kukataza maharage ya soya. Kwa maandishi, basi, shauri limekwisha.

Lugha yenyewe inaunga mkono. Kiswahili huita nyama mnofu wa mnyama, lakini pia huita hivyo sehemu laini ya embe. Anayesema nyama ya soya hajadanganya mtu.

Ila toba haipimwi kwa maandishi peke yake. Waadventista Wasabato, waliofika Kenya mwaka 1906 wakaanzia Gendia, Nyanza, wanaonyesha tofauti iliyopo. Kwao mlo wa mimea ni mafundisho ya afya ya kila siku, na daktari wao John Harvey Kellogg alitengeneza nyama ya karanga Marekani katika karne ya 19. Anayeacha nyama maisha yake yote husaidiwa na kinachofanana nayo. Mfanano huo ni daraja. Anayeiacha siku moja ili ahisi pengo, kisha akaliziba pengo lilelile saa ya chakula cha jioni, amejipunguzia alichokuja kukitafuta.

Hapa dini ya asili ya Wataita ina neno zito. Katika kitabu chake cha 1978, mwanaanthropolojia Grace Harris alieleza ibada yao ya kutasa: mtu alijaza kinywa pombe, maji ya miwa au maji matupu, akayapuliza nje huku akitamka baraka na kuifukuza hasira moyoni. Kinywaji kingeweza kubadilika. Hasira ikibaki moyoni, hakuna kilichofanyika. Kipimo hicho kinafaa sufuria ya soya pia: si kufanana kwake na nyama kunakoamua, bali kilichotoka ndani ya aliyeipika.

Sufuria hiyo ina sifa moja ambayo ya ng'ombe haina. Soya haichinjwi, hivyo Mwislamu hana haja ya kuuliza nani alishika kisu, na Msabato na Mkatoliki wa Ijumaa hula pamoja naye. Ila viungo vya pakiti vyenye ladha ya nyama visomwe kwanza, na chombo kilichopikiwa nguruwe kisitumike.

Soya kwa kawaida ni nafuu kuliko nyama ya ng'ombe, na mapokeo ya Kwaresima hayatenganishi mfungo na sadaka. Familia ya Voi inayopika spageti na soya Ijumaa haijavunja sheria yoyote. Itenge fedha iliyookoa, impelekee jirani asiye na chakula jioni hiyohiyo.