Ufunguo wa Ghala

Hebu fikiri, msomaji, kwamba umemkabidhi jirani yako ufunguo wa ghala lako la mahindi, naye akaahidi kukulindia miaka mitano. Mwezi mmoja tu umepita, anakuja kukuambia, "Nimeitwa kwenye kazi kubwa zaidi." Je, amekukosea?

Sisi tukaao Kipsongo, pembeni mwa mji wa Kitale, tuliliona swali hili kwa majirani zetu wa Bungoma mwaka 2022. Tarehe 9 Agosti walimchagua Moses Wetang'ula awe seneta wao. Tarehe 8 Septemba akachaguliwa kuwa Spika wa Bunge la Taifa. Kwa Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, Spika hawezi kuwa mbunge wala seneta wakati huo huo. Basi akakiacha kiti cha useneta, na tarehe 8 Desemba ukafanywa uchaguzi mdogo, akashinda David Wafula Wakoli. Miezi minne haikutimia kabla watu wale wale hawajapanga foleni mara mbili kwa ajili ya kiti kimoja.

Wako wasemao kwamba ahadi ni deni: aliyewaomba watu waache mashamba na biashara zao wakampigie kura, hana ruhusa ya kuwaacha upesi hivyo. Wengine hujibu kwamba mtu si mtumwa, na tena Spika hulitumikia taifa zima. Kila upande una neno la haki. Lakini yafaa nini kumzuia mlinzi ambaye moyo wake haupo tena ghalani?

Mimi naona kwamba yatupasa kuitazama namna ya kuondoka. Mlinzi mmoja huenda zake na ufunguo mfukoni. Wa pili humpa ndugu yake kwa siri. Wa tatu huutia mkononi mwa mwenye ghala, mchana, mbele ya watu. Huyu wa tatu hakuiba amana, ameirudisha. Ndiyo maana sheria yetu yataka anayejiuzulu aandike barua, na hairuhusu kiti kurithiwa kama shamba. Hurudi kwa wapiga kura.

Lakini kurudisha kuna hatari yake. Mwaka 1966 Oginga Odinga na wenzake walikihama chama cha KANU wakaingia KPU. Bunge likabadili katiba upesi, ili kila aliyekihama chama kilichompeleka Bungeni arudi kuomba kura upya. Katika uchaguzi wa Juni mwaka ule, Odinga alishinda Bondo, lakini Bildad Kaggia alishindwa Kandara. Wote wawili walikuwa wamehama kwa imani moja, wala imani hiyo haikumhakikishia mtu kiti. Mwenye ghala aweza kukurudishia ufunguo, tena aweza kumpa mwingine.

Limebaki jambo moja, nalo ni zito kuliko yote. Kama jirani yule, siku aliyopokea ufunguo, alikwisha kutazamia kuitwa kwingine, ilimpasa aseme siku ile ile. Sheria yaweza kumlazimisha mtu arudishe kiti. Haiwezi kumlazimisha kufunua yaliyo moyoni mwake. Hapo sheria hukoma, na uungwana huanza.

Wewe nawe, msomaji, huenda kesho ukachaguliwa kiranja wa bweni au mweka hazina wa chama cha shule. Kabla hujapokea, jiulize kama wakaa. Ukilazimika kuondoka, waambie waliokuchagua, uwape hesabu, kisha ukubali wamchague wamtakaye. Na ukiwa mwenye ghala, usichoke kupanga foleni mara ya pili. Anayekaa nyumbani siku ile amewaachia wengine wamchagulie mlinzi, na mahindi yaliyomo ghalani ni yake pia.