Ni Nani Aliyepona?

Tumeulizwa katika darasa letu: mtu aliyeshikwa na kifua kikuu, akatumia dawa miezi miwili, kikohozi kikakatika na mwili ukarudi, je, ana haki ya kuziacha dawa kwa kuwa amepona? Suali hili si la daktari peke yake, kwani pumzi ya mgonjwa huwafikia wengine.

Jawabu la kwanza ni jepesi. Ugonjwa ulithibiti kwa yakini, na nafuu aionayo mgonjwa ni dhana. Wala mafakihi wetu hawaiondoi yakini kwa shaka. Kidudu cha maradhi haya, ambacho Robert Koch alikitangaza mwaka 1882, hujificha mapafuni hali mwenyewe ajiona mzima. Kwa hivyo dawa za kawaida huendelea miezi sita. Mwenye kuziacha katikati huweza kukilea kidudu kilichokwisha izoea dawa, kisha akawapa mkewe na wanawe. Hiyo si tawakkul, ni khiana.

Lakini suali lina upande wa pili, na huo watu hawaupendi. Siku hizi kuna kipimo cha picha kiitwacho PET. Mgonjwa hudungwa sukari iliyotiwa florini yenye mnururisho, ambao nguvu yake hupungua nusu kwa kila dakika 110 hivi, na kila mahali mwilini panapokula sukari kwa wingi huonekana pakiwaka. Mwaka 2016 wataalamu walitangaza khabari za wagonjwa 99 wa Afrika Kusini waliopigwa picha hizo kabla ya dawa na baada yake. Wengi katika waliopona, ambao makohozi yao hayakuotesha kidudu tena, mapafu yao yalikuwa yangali yakiwaka.

Basi atatokea mtu aseme: "Kumbe hawaponi! Tujitenge nao." Hapo ndipo tunapokataa. Picha hii haionyeshi kidudu. Yaonyesha nyama inayokula sukari, na askari wa mwili wanaosafisha uwanja baada ya vita nao hula sukari. Hata saratani huwaka vivyo hivyo. Moto umeonekana, ila aliyeuwasha hakuonekana, na kadhi hahukumu kwa ushahidi wa namna hiyo.

Nasi twawajua watu wa miji yetu waliomaliza dawa zote, makohozi yakapimwa yakawa safi, na hata leo kikombe chao cha kahawa chatengwa barazani (na maradhi haya huenda kwa hewa, si kwa kikombe!) na posa za binti zao zakatwa. Wawatengao hawana picha wala kipimo. Ajabu ni kwamba hao hao ndio wamwambiao mgonjwa wa miezi miwili: "Umepona, ziache."

Sharia haikutukalifisha kuyajua kwa yakini yote yaliyomo kifuani mwa mtu. Yaridhika na dhana yenye nguvu iliyojengwa juu ya dalili. Dawa zilizotimia na makohozi safi ni dalili. Yule aliyeuliza tumemwambia mgonjwa wake ameze dawa hadi siku aliyowekewa na daktari. Na siku hiyo ikifika, wenziwe wa barazani wammiminie kahawa kwa vikombe vile vile wanavyonywea wao.