Mtaka cha Mvunguni Asiyeweza Kuinama

Sokoni Mahoko, kando ya barabara inayotoka Musanze kuelekea Gisenyi, shangazi yangu anauza viazi. Huketi kwenye kigoda kifupi, mguu wa kulia ameunyoosha mbele kama mlingoti, goti limefungwa kipande cha kitenge. Mbele yake yamepangwa mafungu ya Kinigi, vile viazi vyekundu vinavyosifika Rwanda nzima. Goti hilo liliumia miaka mingi iliyopita alipoanguka kutoka kwenye moto, ndivyo tunavyoziita huku pikipiki za abiria, na tangu siku hiyo halijakunjika tena sawasawa. Kupanda kwenda nyumbani kwake ni adhabu, na kwetu milima haikwepeki.

Tatizo lake la pili ni ulimi. Dodo, ndiyo mchicha wetu, hali. Isombe, yaani kisamvu, hali. Maharage anasema ganda lake linamkwama mdomoni. Samaki anadai wanamtazama. Akila, anakula viazi, na ikiwezekana viwe vya kukaanga. Akinywa, anakunywa fanta, ambayo kwetu ni jina la soda yoyote ile.

Mwaka jana alipanda mzani ukasoma kilo 92, na presha nayo ilikuwa juu. Aliyempima alimpa maagizo kwa pumzi moja: apunguze kilo 20, akimbie kila asubuhi, ale mboga kila mlo. Shangazi alirudi sokoni akacheka mpaka akafuta machozi kwa ncha ya kitenge. "Wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame," aliniambia. "Sasa mwanangu, goti langu haliinami. Cha mvunguni na kikae hukohuko."

Maneno yale yalinikaa kichwani siku nyingi. Methali ni ya kweli, lakini haikusema yote. Wahenga hao hao walikuwa na vikongwe nyumbani, na viwete, na wagonjwa wa mgongo, na vitu vyao navyo viliingia mvunguni kama vya watu wengine. Hawakuviacha huko viliwe na panya. Walichukua ufito, wakavuta. Anayeweza kuinama na ainame; asiyeweza, atafute ufito. Ninayotaka kusema leo ni habari ya huo ufito.

Kwanza tumwondolee shangazi aibu ya ulimi wake. Pwani husema mchagua nazi hupata koroma, nasi watu wa milimani tusio na mnazi hata mmoja tumeiazima methali hiyo ili tuwasimange wanaosukuma sahani. Lakini tukisema kweli, mababu nao walikuwa wachaguzi. Nyama ya kondoo wengi hawakuigusa. Mwanamke wa Kinyarwanda hakula nyama ya mbuzi, eti angeota ndevu. Leo jioni ukipita Gisenyi, moshi wa brosheti, mishikaki ya mbuzi, umetanda, wanawake wanakula na kuongeza pilipili, na kidevu chenye ndevu bado hatujakiona. Viazi vyenyewe, ambavyo mtu angeapa vilizaliwa na volkano zetu, viliingia Rwanda pamoja na Wazungu mwanzoni mwa karne ya 20. Sambaza wa Ziwa Kivu waliletwa kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950. Nchi nzima imebadili ulimi wake, ila haikuubadili kwa siku moja, wala haikuubadili kwa kusimangwa.

Waliochunguza ulaji wa watoto wanasema chakula kigeni huhitaji kuonjwa mara 8 hadi 15 hivi kabla mtoto hajakikubali. Mtu mzima hana sababu ya kujidai kuwa mwepesi kuliko mtoto. Shangazi alianza na jani moja la dodo, likapikwa likalainika, likapondwa ndani ya viazi na kitunguu. Jani moja tu. Alikunja uso kama aliyeuma ndimu. Wiki iliyofuata yakawa mawili. Sasa ndani ya viazi vya kuponda anakula dodo bila kuhesabu majani. Isombe bado hali, na hakuna anayemfuata nayo.

Hapo ndipo penye siri ya kwanza: mchaguzi wa chakula aanzie kwenye kile anachokila tayari. Watu wengi waliotaka kumsaidia shangazi walianza kwa kumnyang'anya viazi. Ni kama kumtoa mtu kwenye nyumba pekee anayoijua halafu ukamwambia alale vizuri. Na kumbe viazi havikuwa na kosa. Mwaka 1995, huko Chuo Kikuu cha Sydney, Susanna Holt na wenzake waliwapa watu vyakula 38, kila kimoja kwa kipimo chenye kalori sawa, kisha wakauliza kwa saa mbili kila mmoja ameshiba kiasi gani. Mkate mweupe uliwekwa kuwa 100. Viazi vya kuchemsha vilipata 323, vikavishinda vyakula vyote. Chakula anachokipenda shangazi ndicho kilichowashibisha wale watu kuliko vingine vyote.

Kosa lilikuwa kwenye karai la mafuta. Gramu 100 za viazi vya kuchemsha zina kalori 87 hivi. Gramu 100 za chipsi hufika 300 na kupita. Kiazi ni kilekile, shamba ni lilelile, njia ya kufika sahanini ndiyo tofauti. Basi siku tano za wiki shangazi anachemsha au anaponda, na siku mbili anakaanga, maana mtu asiye na siku ya kutamani hudumu na shauri lake kama mvua ya kiangazi.

Siri ya pili ilikuwa kwenye chupa. Fanta ya sentilita 33 ina sukari gramu 35 hivi, vijiko 8 vya chai na ushee, yaani kalori 140. Yeye alikuwa anakunywa mbili kwa siku. Nilimwomba aache ya mchana tu, ya jioni abaki nayo. Kilo moja ya mafuta ya mwili huhesabiwa kuwa kama kalori 7,700. Gawanya kwa 140, unapata siku 55. Kwa hesabu ya karatasi, chupa moja kwa siku ni kilo moja kila miezi miwili, bila kukimbia hatua moja, bila kugusa jani la isombe. Mwili si daftari, najua. Kadiri unavyopungua nao hujibana, na kilo za baadaye huja kwa kuchelewa. Lakini mfanyabiashara yeyote wa Mahoko anaijua tofauti kati ya faida ndogo na hasara ndogo, hasa ikijirudia kila siku.

Siri ya tatu ni mwendo, na hapa ndipo watu wenye maungo yasiyotii hukata tamaa mapema, kwa kuwa wameaminishwa kwamba mazoezi ni kukimbia. Mwaka 2020 Shirika la Afya Duniani lilipotoa mwongozo wake mpya wa mazoezi, kwa mara ya kwanza liliwaandikia pia watu wanaoishi na ulemavu. Lengo walilowekewa ni lilelile la watu wengine, dakika 150 kwa wiki au zaidi, na nyongeza yake ni ya busara kuliko lengo lenyewe: kidogo ni bora kuliko kutofanya kabisa. Wanawake wa Rwanda walishawaonyesha walimwengu jambo hili mwaka 2016, walipokwenda Rio kwenye Michezo ya Paralimpiki kucheza voliboli ya kuketi, wakipiga mpira na kusogea kwa mikono huku makalio yako sakafuni. Aliyewatazama hawezi tena kusema aliyeketi amepumzika.

Shangazi hachezi voliboli. Ana mifuko miwili ya viazi, kilo moja kila mmoja. Wateja wakipungua mchana, anainyanyua mpaka juu ya kichwa mara kumi, anapumzika, anarudia. Anageuza kiwiliwili kushoto na kulia. Anauinua mguu mzima, anaushikilia hewani mpaka muuza vitunguu wa pembeni amhesabie ishirini. Mwanzoni walimcheka. Siku hizi muuza vitunguu naye ana mifuko yake.

Lakini kwa nini polepole? Kwa nini asifunge kula wiki tatu akamaliza kazi? Jibu liko mtoni. Mvua kubwa ikinyesha huku, mto Sebeya hugeuka rangi ya chai ya maziwa, na mkulima akiutazama anajua kwamba ile rangi ni shamba la mtu linaondoka. Ndiyo maana tunachimba matuta ya ngazi: maji yashuke, udongo ubaki. Mwili unaokondeshwa kwa njaa hupoteza mafuta na msuli kwa pamoja, na msuli ndio udongo wa juu. Kijana mwenye miguu mizima anaweza kuurudisha. Mtu anayetegemea mguu mmoja na mikono miwili kujiinua kitandani, akipoteza msuli amepoteza fimbo yake. Kwa hiyo kila mlo wa shangazi una kitu cha kulinda msuli ambacho ulimi wake hauna ugomvi nacho: yai la kuchemsha, au kikombe cha ikivuguto, maziwa yetu ya mgando. Na kwa kuwa anameza dawa za presha, mzani na kipimo cha presha huwa vinakwenda pamoja. Mwili ukipungua, muuguzi ndiye wa kuamua kama dawa ipunguzwe, si jirani.

Mkabala na meza yake kuna mzee anayepasua kuni. Siku moja nilimkuta na gogo la mkaratusi lenye unene wa ngoma, yeye na kashoka kadogo kama ka mtoto. Nikamuuliza atalikata lini. Akasema, bila kusimama, "Sikati gogo. Nakata kibanzi. Gogo linaisha lenyewe." Bandu bandu huisha gogo, nimeisikia tangu utotoni, siku ile niliiona.

Kulikuwa na kikwazo kimoja ambacho hatukukitarajia. Kilo mbili za kwanza zilipotoka, watu walianza kumuuliza kwa sauti ya chini, "Mama, unaumwa?" Wengine waliona biashara imemwendea vibaya. Tusijidanganye, hili nalo ni urithi. Mwaka 1861 msafiri Mwingereza John Hanning Speke alipofika Karagwe, Tanzania ya leo, aliwakuta wanawake wa jamaa ya mfalme Rumanika wakinyweshwa maziwa mpaka kusimama ikawa taabu, na akampima shemeji wa mfalme kwa futi kwa kustaajabu. Unene ulikuwa heshima, cheti cha zizi lililojaa. Hata hivyo lugha yetu ya Kinyarwanda ilihifadhi onyo: *inda nini*, tumbo kubwa, ndilo jina la uroho. Wazee waliheshimu mwili ulioshiba, wakalishuku tumbo lisilojua kutosheka. Urithi una mafungu mawili, nasi tuna ruhusa ya kuchagua, kama mteja anavyochagua viazi: hiki ndani ya kikapu, hiki kirudi.

Imetimia miezi minane. Shangazi amepungua kilo 5. Aliyeagiza kilo 20 angeona ni kushindwa. Lakini waganga wanaojua hesabu husema asilimia 5 ya uzito inatosha kuanza kuishusha presha, na yeye ameipita kidogo. Tena kuna hesabu nyingine, ya goti. Waliopima mwendo wa watu wenye magoti mabovu waliona kila kilo inayotoka mwilini hulipunguzia goti mzigo wa kilo nne hivi katika kila hatua. Nilipomweleza, alinyamaza, akanyoosha mkono akalipapasa gunia dogo lililokuwa pembeni yake, lile la kilo 20.

"Yaani kila hatua nilikuwa namchukulia mtu gunia hili," alisema, "na hanilipi."

Kisha akamwita kijana wa kubeba mizigo, akabadili mawazo, akashika fimbo yake na kuanza kupanda mlima mwenyewe. Alipumzika mara tatu. Zamani zilikuwa tano.